Sentensi ya Mlango

Mbeya, Ijumaa alasiri

Atupele mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda Mwanjelwa kutafuta blanketi, na mimi nimepata nafasi. Nimekaa mezani, nimegeuza ratiba za harusi ya wiki iliyopita, naandika upande wa nyuma. Usicheke. Karatasi nyingine zote ndani ya nyumba hii umezimaliza wewe na insha zako.

Yaani nina furaha mpaka miguu haitulii! Kesho asubuhi unapanda basi la Iringa. Jumatatu unaingia kwenye kile chumba cha chuo, wanakuonyesha kipande cha filamu ambacho hujawahi kukiona, mara mbili tu, halafu wanakupa karatasi uandike insha. Wakiipenda, umeingia darasa la filamu. Wasipoipenda, ndiyo hivyo, mwaka wa pili mfululizo unakosa nafasi. Leo wakati nanyoa ndevu nimejikata mara mbili kwa kuwaza. Mama yako akaniuliza, "Kwani anayefanya mtihani ni nani?" Nikanyamaza, na unajua mimi kunyamaza ni kazi.

Habari ya kula, kuvaa sweta na kusali, mama yako amekuambia tangu Jumatatu na ataendelea mpaka basi liondoke. Huko sina la kuongeza. Mimi nataka kukuambia nilivyoharibu. Nimeharibu mara mbili, kosa lilelile, na mara ya pili nilikuharibia wewe. Ila nikianza na ya pili hutanielewa, kwa hiyo nivumilie kidogo. Unamjua baba yako na utangulizi.

Kabla sijawa MC wa harusi nilikuwa natafsiri mikanda kwenye kibanda umiza hapohapo Mwanjelwa. Hiyo umeisikia mpaka umechoka: runinga moja, mabenchi, watu wamebanana, filamu inaongea lugha yake na mimi na maiki yangu naongea Kiswahili juu yake. Nilikuwa staa, bwana wee! Nikipita sokoni kina mama wananiita kwa sauti ya jambazi wa kwenye mkanda. Ambacho sijawahi kukuambia ni kwamba zile lugha nilikuwa sizijui. Kiingereza changu unakifahamu. Kihindi sifuri. Kichina ndiyo usiseme. Nilikuwa naangalia midomo na mikono, natunga. Mtu akikunja uso, nasema amedhulumiwa shamba. Akilia, nasema ameachwa. Na nilikuwa na sheria moja tu: usiache hata sekunde moja bila neno, maana watu wakisikia kimya wanadhani mashine imekufa.

Basi siku moja, shoo ya mchana, niliweka mkanda ambao sikuwa nimeupitia kabla. Mume na mke wanarudi kutoka makaburini. Jeneza nililiona, lakini niliamua mwenyewe kwamba aliyekufa ni mjomba tajiri na hawa wamefurahi wanarithi. Wanaingia ndani. Mume anakaa mezani bila kuvua koti. Mke anachemsha chai, anamimina kikombe kimoja, anamimina cha pili, anamimina cha tatu. Halafu anabaki amesimama na birika mkononi, anakiangalia kile cha tatu. Hakuna anayesema kitu. Kamera nayo haisogei, imetulia tu upande wa pili wa meza. Muda mrefu, jamani! Mimi kile kimya kinaninyonga. Nikashika maiki, nikapiga kelele kwa sauti ya kike: "Wewe baba! Hiki kikombe cha tatu ni cha nani? Umeniletea mke mwenza?" Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Benchi la nyuma lilivunjika.

Mlangoni kwetu alikuwa anauza maandazi mama mmoja tukimwita Mama Lusajo. Huyo Lusajo alikuwa mwanawe wa pekee, na alikuwa amefariki miezi michache nyuma, homa ya siku mbili tu. Siku ile Mama Lusajo alikuwa amesimama kwenye pazia anaangalia, kama kawaida yake. Sikumwona alipoondoka. Kesho yake asubuhi nafagia, akaja. Hakunisalimu. Akasema, "Ile sehemu ya chai, niwekee tena. Ila wewe unyamaze."

Nikaweka. Nikanyamaza. Atupele, nakuambia kweli, ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuangalia filamu, na nilikuwa nimeshatafsiri mamia. Niliona kwamba yule mwanamke alimimina kikombe cha tatu bila kufikiri, mkono wake ulikuwa umezoea. Niliona kuna kiti kidogo, cha mtoto, kimesogezwa ukutani. Na kumbe kulikuwa na sauti! Saa ya ukutani inagonga, na mbali huko nje watoto wanacheza mpira. Vyote hivyo vilikuwepo jana yake, nikavizima kwa mdomo wangu. Mama Lusajo aliangalia mpaka mwisho, akasema, "Ni cha mtoto." Akajifunga kanga yake vizuri, akarudi kwenye maandazi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Na mimi sikumwomba msamaha. Niliona aibu. Nikawa nanunua maandazi yake kila siku mpaka nikayachukia, nikidhani ataelewa nina maana gani. Sijui kama alielewa. Alihamia Kyela kwa ndugu zake, na mimi mpaka leo harufu ya maandazi ikinipitia nasikia vibaya.

Ungesema hapo nimejifunza. Wapi! Jioni ileile nilirudi kwenye maiki na sauti zangu zote. Badiliko lilikuwa dogo tu, kwamba jeneza likitokea sifanyi utani.

Sasa tuje kwako. Mwaka jana chuo kiliwataka mtume insha kwa barua pepe, kila mtu achague onyesho lake. Wewe ukachagua lile la binti anayerudi kwa baba yake baada ya miaka mingi. Yakaja majibu, mstari mmoja: "Umesimulia vizuri sana. Hujachambua." Uliyasoma kwenye simu yangu, hapa hapa mezani. Ukasema, "Sawa, Tata." Mimi nikaanza kumtukana msahihishaji, kwamba hajui kazi, kwamba ana wivu, kwamba Iringa baridi imewaingia mpaka kwenye akili. Wewe ukaenda jikoni, ukachukua maharage, ukayamwaga kwenye ungo ukaanza kuyachambua. Uliyachambua muda mrefu sana, na maharage yenyewe hayakuwa mengi.

Wiki nzima ulikuwa ukiuliza, "Lakini nilisimulia wapi?" Hukuwa unaniuliza mimi. Ulikuwa unajiuliza wewe mwenyewe, ukipiga pasi, ukifua. Kila ukiuliza mimi natafuta kazi ya kufanya nje.

Halafu ukainuka. Hapo ndipo uliponishangaza, we mtoto! Wengine wangekata tamaa. Wewe ukakopa vitabu, ukapakua mafunzo kwenye simu, ukanikalisha kwenye kochi kila mchana nisipokuwa na harusi, tukaanza kuangalia vipande vya dakika tatu. Ukizima sauti. Ukirudisha nyuma. "Tata, kamera imesimama wapi? Kwa nini imekaa chini hivi? Nani hayupo hapa?" Mwanzo nilikuwa nakereka. Baadaye nikawa nawaharakisha wateja wangu kwenye vikao vya harusi ili niwahi nyumbani. Mwaka huu nimefurahi kuliko mwaka wowote wa kibanda, na ninakuambia hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Unakumbuka siku nilipokuuliza hii toni unayoiimba kila saa ni kitu gani hasa? Ukafikiri, ukasema, "Ni 'haya' ya mama." Nilicheka mpaka nikakohoa. Maana ni kweli! Ukimwambia mama yako unakwenda kulala, anasema haya. Nikimwambia nimealika wageni wanane na wako njiani, anasema haya. Siku nilipouza redio yake bila kumwuliza, alisema haya, na hiyo haya nilikaa nayo mwezi mzima. Ukiandika kwenye karatasi ni neno moja hilohilo. Ukaniambia kazi ya mwandishi wa insha ni kuonyesha hii ilikuwa haya ipi, na amejuaje. Nikasema, "Rahisi. Unaandika: mama alikasirika." Ukatikisa kichwa. "Hapana, Tata. Hiyo umenipa jibu tu. Sema alikuwa anakata mboga. Kisu kikasimama. Akasema haya bila kugeuka. Halafu kisu kikaendelea, kwa kasi." Mungu wangu! Niligeuka kuangalia jikoni, na redio yenyewe niliiuza zamani.

Siku ileile ndiyo ulinieleza tofauti ya yale maneno mawili yaliyotutesa. Kusimulia ni kuwaambia watu leo tumekula maharage. Kuchambua ni kumwaga ungoni, ukaokota punje moja, ukaigeuza mwangani, ukasema hii ina tundu, na aliyelitoboa ni mdudu, na tundu lenyewe ni hili hapa. Nilitaka kukukumbatia. Badala yake nikakuambia zima runinga umeme utaisha, maana na mimi nina haya zangu.

Lakini kuna kitu nimekiona mwaka huu wote na kimekuwa kinanichoma. Unaona vizuri, halafu unafuta. Juzi tumeangalia yule bwana anayehojiwa polisi, ukasema polepole, "Ameshika glasi ya maji tangu mwanzo na hajanywa." Nikaruka kwenye kochi! Ukaandika. Kisha ukaikata kwa kalamu. Nikauliza kwa nini. Ukasema, "Ni kitu kidogo, hawakitaki. Mwaka jana si niliwapa kitu kidogo, wakakikataa."

Nikainuka nikaenda chooni nikakaa huko. Ulidhani tumbo linanisumbua.

Sasa sikiliza. Ile insha ya mwaka jana uliiandika kwa mkono, kurasa mbili, ukaniachia nikaichapishe steshenari pale Kabwe na kuituma, kwa sababu ulikuwa unakwenda Tukuyu kumwuguza shangazi yako. Ulinisisitiza, "Tata, kama ilivyo." Nikasema, "Kama ilivyo." Nikaisoma nikiwa kwenye foleni. Ukurasa wa kwanza wote ulihusu mlango. Uliandika: "Binti anaingia, na mlango unabaki wazi nyuma yake. Hakuna anayeufunga mpaka onyesho linaisha, kwa sababu hakuna anayejua kama atakaa."

Nikajiambia, mlango? Mtoto wangu anaomba chuo anaandika habari ya mlango? Kulia kwa baba kuko wapi? Kupiga magoti kwa binti kuko wapi? Nikamwambia dada wa steshenari, "Hii achana nayo. Chapa ninavyokuambia." Nikasimama nyuma ya kiti chake, nikasimulia filamu nzima mwanzo mpaka mwisho, na sauti za watu nikiziweka. Waliokuwa kwenye foleni walinipigia makofi. Akaituma kwa jina lako. Nilitoka pale nikijiona nimekuokoa.

Umeelewa, mwanangu? Mwaka mzima umeamini kwamba walisoma habari ya mlango wakaona haifai. Hawakuisoma. Haikuwepo. Niliifuta mimi. Maneno waliyoyakataa ni yangu, na walikuwa na haki. Lile swali lako la "nilisimulia wapi" jibu lake lilikuwa limekaa mezani na wewe, linakula ugali, na halikufungua mdomo. Mwenye mdomo mkubwa kuliko wote Mbeya hii, nilikosa maneno matatu tu ya kusema: ni mimi niliyeifuta.

Nisamehe. Safari hii sitanunua maandazi. Nimekosa, nimekunyang'anya mwaka wako, na kibaya zaidi nimekufanya uyaogope macho yako mwenyewe. Nililia nilipolitambua hilo, na kama mama yako akiuliza, mwambie ndiyo, nililia. Yeye bado sijamwambia. Nitamwambia leo mkirudi, na haya nitakayoipata nimeshaikubali.

Karatasi yako ya mkono ninayo, sikuitupa. Nimeikunja pamoja na barua hii uione mwenyewe. Halafu, unajua, baada ya siku ile ya glasi nilikwenda nikaitafuta tena ile filamu, nikaiangalia peke yangu, sauti nimezima. Atupele, mlango uko wazi kweli! Wazi kabisa! Tena upepo unaingia, pazia linacheza, na baba anajikunyata kwa baridi lakini hainuki kwenda kuufunga. Anaogopa akiufunga binti ataona amefungiwa. Akiuacha wazi, binti anaweza kuondoka tena. Mzee wa watu amekaa katikati, hajui afanye nini, na kisa chote kipo kwenye ule mlango! Nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Wewe uliliona hilo mara ya kwanza tu, nikiwa pembeni yako nakula karanga.

Kwa hiyo Jumatatu, yale niliyokuwa nimepanga kukufundisha njiani nimeyatupa yote. Unayajua kuliko mimi. Naomba kimoja tu. Kipande kikipita mara ya kwanza, kuna kitu kitakugusa, na kitakuwa kidogo: kiatu, taa, mtu anayekohoa wakati si wake. Utasikia sauti kichwani inakuambia, "Hicho achana nacho, wape hadithi." Hiyo sauti ni ya kwangu. Naijua, ni ya kwenye maiki. Ipuuze kabisa. Mara ya pili wakirudia, kiangalie hichohicho, ujue kipo wapi na kimefanya nini kwenye chumba kile. Kama ulihisi uchungu, usiishie kuandika "huzuni". Kuna huzuni ya mtu aliyekwisha kulia na kuna ya mtu ambaye hajaanza. Wewe unaweza kuzitenganisha. Wengi hatuwezi.

Halafu kuna jambo la safari. Nilishakata tiketi mbili, unajua. Nilikuwa nimewatangazia watu harusini, kwenye maiki, kwamba binti yangu nampeleka mwenyewe mpaka chuoni. Nilikuwa nimepanga tufikie kwa rafiki yangu pale Ipogolo, Jumapili tufanye mazoezi kutwa, Jumatatu nikupandishe mjini, nikae nje ya kile chumba mpaka utoke. Hata suti nimeshapiga pasi. Wahehe walivyo wapole, nilikuwa nimeshapanga na salamu zangu, kamwene hapa, kamwene pale, mpaka mlinzi anizoee.

Siendi. Ile tiketi ya pili nampa mama yako. Yeye anajua kukaa na mtu bila kumjaza maneno. Mkifika mpumzike, mtembee, mpande jiwe la Gangilonga muuone mji wote kwa chini, mle mlichokipata. Asikuulize kitu na wewe usimfafanulie kitu. Jumatatu sitapiga simu. Itaniuma, lakini sitapiga. Nitampa simu jirani anifichie mpaka jioni, maana najijua.

Na Jumapili kama ukiingiwa na hofu ukatamani kunipigia uniulize uandike nini, usipige, mama. Hata nikipokea nitakuambia kitu, siwezi kujizuia, na nitakuambia vizuri mpaka utaniamini.

Nawasikia getini, mama yako anabishana na bodaboda kuhusu blanketi kuangukia kwenye tope. Nimalizie. Mwanangu, ukifeli kwa kile ulichokiona wewe, nitakuja stendi na suti yangu na maiki, nitakupokea kwa shangwe kama bibi harusi, na mwakani tutajaribu tena. Lakini wakikuchukua kwa maneno yangu, atakayekuwa ameingia chuo ni mimi, na wewe utakuwa bado umebaki huku.

Usinipeleke mimi Iringa. Nenda wewe.

Ni mimi baba yako,
Tata